Bwana Shamba Nje ya Lango

Jina lake ninalijua, lakini nikiliandika hapa watoto wake watanipigia simu, na simu za watu wa Kiirua si fupi. Sisi tulimwita Bwana Shamba. Wizara ya Kilimo iliacha kumwita hivyo siku aliyostaafu, na shamba lake mwenyewe lilikuwa mikononi mwa mkewe, kwa hiyo cheo hicho kilibaki kwetu tu: kundi la watu wa mjini Meru wenye vitambi, na baisikeli zilizogharimu bei ya ng'ombe wawili.

Kila Agosti tulikuwa na safari ya siku tatu. Siku ya kwanza tulitoka Kiirua, tukapitia Kibirichia na kulala Nkubu. Siku ya pili tulitoka Nkubu hadi Kianjokoma, na hiyo ndiyo siku ninayotaka kuieleza. Siku ya tatu tuliteremka Embu mjini, tukapigwa picha, tukarudi nyumbani nyuma ya pikapu kama magunia ya viazi. Daktari wa meno, aliyelianzisha kundi, ndiye aliyemleta Bwana Shamba. Tulihitaji mtu anayezijua njia za ndani za mashambani, kwa sababu malori ya barabara kuu yalikuwa yametuchoka. Alikuwa ameitembea nchi hiyo yote kwa baisikeli akiwa kazini, Meru kwanza, kisha Embu, kisha Meru tena. Akaja na baisikeli ile ile, nyeusi, ya chuma kitupu, yenye keria ya nyuma ambayo ungeweza kubebea mbuzi. Nadhani Wizara ilisahau kumnyang'anya.

Asubuhi ya kwanza alinizunguka mara moja, akiitazama kaptura yangu yenye sifongo la kukalia.

"Profesa," akasema, "hiyo ni kaptura ama ni nepi?"

Mimi si profesa. Ni mhadhiri ambaye shahada yake ya uzamifu inakaribia kwisha tangu watoto wake wakiwa chekechea. Nilimweleza hivyo. Akasema hata mahindi yasiyobeba huitwa mahindi, akaendelea kuniita Profesa kwa miaka yote.

Alituendesha kama alivyowaendesha wakulima. Kahawa hupandwa futi tisa kwa tisa, na kwake yeye hicho kilikuwa kipimo cha maisha yote. Tukisongamana barabarani alipiga kelele kutoka nyuma, "Futi tisa!", na makarani wa benki wakatawanyika. Tukiketi kula karibu karibu, alikaa mbali kidogo. Kwenye mteremko alitupita sote kwa sababu breki zake zilikuwa za jina tu. Kwenye mlima alitupita kwa sababu hakuwa anaongea. Tukifika juu tunahema, tulimkuta ndani ya shamba la mtu, amepiga goti, anageuza jani.

Alikuwa na sheria moja asiyoivunja: hakuna kulipita shamba lenye mtu ndani bila kusalimia. Si kupunga mkono, bali kusimama, mguu chini, na kusema neno. Daktari wa meno alilalamika kwamba kwa mwendo huo tungefika Embu Krismasi. Bwana Shamba akamjibu kwamba shamba ni nyumba isiyo na paa, na hakuna mtu aliyelelewa vizuri anayekatiza sebule ya mwenzake kimya kimya. Tukasimama. Nimewasalimia watu wengi kati ya Kiirua na Kianjokoma kuliko niliowasalimia katika jengo letu la idara.

Ushauri wake haukuombwa. Kibirichia aliingia katikati ya viazi vya mama mmoja kijana, akanusa jani, akatangaza kwamba ugonjwa wa baridi umeingia na dawa fulani inatakiwa ndani ya siku mbili. Yule mama alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Mzee, hiyo dawa iliacha kuuzwa nikiwa darasa la tano." Sisi tulicheka. Yeye hakucheka. Alisema ugonjwa haujui kama dawa iliacha kuuzwa, akapanda baisikeli yake.

Hakuwahi kukosea, hilo lazima niliseme. Mwaka mmoja alitupoteza kwa saa mbili katikati ya majani chai juu ya Chogoria, na tulipotokea mahali tulipoanzia alisema barabara ilikuwa imehamishwa. Kwa miaka yote hiyo sikumsikia akisema samahani, hata pale aliponikanyaga kidole kwa gurudumu. Aliniuliza kwa nini nilikiacha pale.

Nilifika kwake Kiirua mara kadhaa. Nilitegemea kuona shamba la mfano. Nikakuta mistari iliyopinda, maharagwe ndani ya mahindi, maboga ndani ya maharagwe, na mavuno yaliyojaa ghala hadi mlangoni. Mkewe ndiye aliyelima, na kila alichokatazwa na mumewe alikifanya. Alinimiminia chai akisema, "Huyu niliiachia Wizara. Mimi nilibaki na shamba." Bwana Shamba alikuwa ameketi pale pale, anakula mavuno ya uasi huo bila kinyongo. Alikuwa pia mzee wa kanisa, mtu wa kusimamia sadaka na kunyamazisha vijana, lakini mkewe aliniambia kwamba meza ya Bwana hakuishiriki. Mchungaji alipomuuliza, alijibu kwamba bado ana jambo halijakwisha. Nilidhani ni ukaidi wake wa kawaida.

Sasa niseme kuhusu lango.

Siku ya pili, ukishavuka mto Thuci, unaweza kufuata lami hadi Embu bila taabu kubwa. Bwana Shamba alikataa. Kila mwaka alituacha tuionje lami kidogo, kisha akatupindisha kulia, tukaanza kupanda kuelekea Kianjokoma kwa njia ya udongo mwekundu ambayo sijawahi kuipenda. Alisema huko ndiko mandhari ilipo. Katikati ya mlima huo, pale kahawa inapoishia na majani chai yanapoanza, kulikuwa na boma la mama mzee aliyeishi peke yake. Tulimwita Cucu, kama anavyoitwa bibi yeyote upande huo. Mwaka wa kwanza alituona tukisukuma baisikeli, ndimi nje, akatuonea huruma. Alileta uji wa wimbi kwenye ndoo yenye kifuniko, na vikombe sita vya bati ambavyo tulipokezana. Kuanzia hapo kila Agosti alitungoja.

Cucu alimgawia kila mtu kwa mkono wake, akituuliza tunatoka wapi na kwa nini wake zetu wanaturuhusu. Ila Bwana Shamba hakumpa. Yeye alibaki nje ya lango, amevua kofia, ameshika usukani wa baisikeli kwa mikono miwili kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Alimsalimia kwa Kiembu. Cucu hakuitikia. Ndoo ilizunguka kwa watu wote kumi na mbili, ikafika kwake, ikampita. Cucu alipofunga kifuniko, Bwana Shamba alivaa kofia, akanywa maji ya chupa yake, akatuambia twende.

Tulilifanyia mzaha, bila shaka. Watu wenye elimu wakikosa habari hutunga. Daktari wa meno alisema huyo alikuwa mchumba wake aliyemwacha. Karani mmoja alisema labda Cucu humdhani dereva wetu, na madereva hula baadaye. Mimi nilikuwa na nadharia ndefu zaidi kuhusu wazee na kusahau. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Na hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu asiyevumilia kukatizwa maneno alikubali kunyimwa uji mbele ya watu kila mwaka, tena kwa kutupandisha mlima ili aufikie.

Mwaka wa tano jambo lilitokea. Cucu alipomaliza kugawa alisimama na ndoo yake, akamtazama Bwana Shamba kwa muda, kisha akaniuliza mimi niliyekuwa karibu, "Huyo mzee bado anaweza huu mlima?" Nikasema anaweza kutushinda sote. Akasema, "Haya," akaingia ndani. Ni hilo tu. Lakini Bwana Shamba aliupanda mlima uliobaki akiimba wimbo wa kanisa, na jioni Kianjokoma alituagizia chai wote, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Mwaka wa sita ndio wangu.

Kulikuwa na jua kali. Bwana Shamba alikuwa na kikohozi tangu Nkubu, na gurudumu lake la nyuma lilikuwa limetobolewa na mwiba, kwa hiyo alilifikia lango akisukuma, uso umemkauka. Akavua kofia, akasalimia. Safari hii, na nilikuwa karibu kiasi cha kusikia, Cucu aliitikia. Neno moja, la chini. Kisha akaanza kugawa, polepole kuliko kawaida, akianzia upande wa mbali. Alinipa mimi. Baada yangu walibaki watu wawili, kisha lango.

Nikamhurumia mzee wa watu. Nilikunywa mafunda mawili, nikatoka nje ya lango na kikombe changu, nikakitia mikononi mwake. Na kwa kuwa nimezoea kuwasemesha wanafunzi mia mbili waliosinzia, nilisema kwa sauti ya kufikia nyuma ya ukumbi, "Cucu, huyu kila mwaka unamsahau!"

Bwana Shamba hakunywa. Alikishika kile kikombe kama kitu kinachoweza kulipuka, akaniangalia. Cucu aliweka ndoo chini. Akaja taratibu, akakichukua kikombe mkononi mwake, akaumwaga uji kwenye majani kando ya ua.

"Mimi sijasahau," akasema, kwa Kiswahili, ili sote tumwelewe. "Ndiyo maana simpi."

Kisha akakusanya vikombe vyake, hata vya wale ambao hawakuwa wamemaliza, akafunga lango.

Mlima uliobaki tulitembea wawili, yeye na mimi, wengine wakiwa mbele. Nilingoja anitukane. Pale kona ya pili akaanza kusimulia kama anayesoma ripoti.

Siku zile ilikuwa kosa kung'oa kahawa bila kibali. Hata kuchanganya maharagwe ndani ya kahawa lilikuwa kosa. Mume wa Cucu alikuwa mkulima bora wa eneo lake, Bwana Shamba mwenyewe alimpelekea wageni wa kuja kujifunza. Kisha kahawa ikaacha kulisha watu. Msimu mmoja yule bwana aling'oa miti sitini, ile ya nyuma isiyoonekana kutoka barabarani, akapanda mahindi na maharagwe. Hakuificha kwa Bwana Shamba. Alimpeleka akamwonyesha, kama unavyomwonyesha rafiki. Cucu akawapa uji, wakanywa wakiwa wamesimama kwenye yale mahindi. Bwana Shamba akaenda ofisini akaandika ripoti.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema kwa sababu miti ilikuwa imeng'olewa.

Chifu alikuja na askari. Yule bwana alikaa ndani miezi minane, akatoka na kifua, hakumaliza mwaka wa pili. Miaka michache baadaye hakuna aliyejali tena nani ameng'oa nini. Watu walikata kahawa wakapikia chai, na Bwana Shamba akapita kati yao na baisikeli yake bila karatasi ya kuandika.

"Alikuwa ameitikia," akaniambia. "Umesikia akiitikia?"

Nikasema nimesikia.

"Miaka mitano nimesimama pale. Nilikuwa nimebakisha watu wawili, Profesa. Sasa wewe, nani alikutuma?"

Nikamwomba msamaha. Akasema pole yangu haioti mahali popote, na kama sijui kungoja kitu kiive nisiwe napita kwenye mashamba ya watu. Hayo ndiyo maneno makali pekee aliyowahi kuniambia kwa haki. Hakuna hakika kwamba ndoo ingesimama kwake siku ile. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Huwa hainisaidii, kwa sababu nilikuwa pale na niliona mwendo wa mkono wa Cucu.

Mwaka uliofuata lango lilikuwa na mnyororo na kufuli. Bwana Shamba alisimama, akavua kofia, akasalimia ua. Mwaka wa nane hakuja, alisema magoti. Tulifuata lami hadi Embu na kufika mapema sana, na hakuna aliyejua la kufanya na ule mchana. Kundi halikudumu. Daktari wa meno siku hizi anaogelea.

Mwaka jana Bwana Shamba alinipigia simu, jambo lisilo la kawaida. Alikuwa amesikia tangazo la mazishi kwenye redio, la mama mmoja wa chini ya Kianjokoma, na jina la mume lilikuwa lile lile. Akaniambia nina gari. Hakuwa anauliza.

Nilimchukua Kiirua alfajiri. Alivaa koti la suti lililokuwa la mtu mnene zaidi, labda yeye wa zamani. Tulipofika Chuka akasema, "Leo nitasema. Nitasimama mbele ya watoto wake, niseme ni mimi niliandika." Nikajibu ni vizuri. Nilikuwa nimejifunza kutoongeza neno.

Lango lilikuwa wazi, hema mbili zimesimamishwa pale kwenye majani. Tulikaa viti vya nyuma. Binti mkubwa wa marehemu, mwalimu wa huko huko Embu, alipita akisalimia wageni, akamuuliza mzee anatoka wapi. Akajibu kwamba zamani alikuwa bwana shamba wa eneo hili. Uso wa yule binti ukafunguka. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe ulimjua baba yangu," akasema. "Sisi tulikuwa wadogo sana. Mama alikuwa akituambia kahawa yake mabwana shamba walikuwa wanaleta wageni waione. Mzee, lazima useme kitu."

Akaenda kumwandikisha kwa mshereheshaji. Bwana Shamba aliniangalia, akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa kama njia imetengenezwa.

Kisha ukasomwa wasifu wa marehemu. Mjukuu aliusoma vizuri, bila kukimbia. Alisoma kuhusu ndoa, kanisa, watoto watano. Akasoma kwamba babu yao, kahawa iliposhuka bei, alikwenda kutafuta kazi kwenye mpunga wa Mwea, akakaa miezi minane, akarudi mgonjwa kwa sababu ya maji ya huko, akafariki. Kwamba alikuwa mtu ambaye hakuwahi kugombana na mtu wala na serikali.

Hivyo ndivyo Cucu alivyowaambia. Yule mama aliyenyima kikombe kwa miaka yote hiyo hakuwa amemtajia mtu sababu yake. Aliitunza peke yake, akawalea watoto watano kwa baba asiyewahi kuona jela.

Aliitwa. Alikwenda mbele kwa magoti yale, akapewa kipaza sauti, akavua kofia.

"Mimi ndiye," akasema, akaishia hapo.

Watu walingoja.

"Mimi ndiye nilikuwa bwana shamba hapa. Baba yenu alikuwa mkulima mzuri. Kosa hakuwa nalo."

Akarudisha kipaza sauti. Watu wakapiga makofi, na wazee wawili wakasema kweli, kweli. Aliporudi kitini nilimwangalia kujua kama ulikuwa woga au ulikuwa ni wema. Sikuona. Sidhani kama yeye alijua, na mimi ndiye mtu wa mwisho anayestahili kumpimia mwenzake wakati wa kusema.

Baada ya kaburi kufunikwa, chakula kilitolewa. Sisi tulikwisha kusimama tuondoke, lakini yule binti alitukimbilia, akasema rafiki wa baba hawezi kuondoka kwao na njaa. Akamketisha. Akaleta maji akamnawisha mikono mwenyewe. Akaleta sahani ya bati, mukimo na nyama na kabichi, imejaa hadi ukingoni, akampa kwa mikono miwili na kubaki amesimama pale, kwa heshima, amtazame akila.

Bwana Shamba aliiangalia sahani. Akaanza kula. Alikula polepole, bila kuinua uso, tonge kwa tonge, hadi bati likaonekana.

"Nikuongezee, baba?" yule binti akamuuliza.

Akamnyoshea sahani.